Anayenunua trekta ya kwanza aikague kutoka nyuma kuja mbele

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaandikie wakulima wenzangu wa Malindi na Magarini, pamoja na majirani zetu wa Lamu bara, hasa wale wenye ekari tano hadi ishirini ambao wamepata fedha kidogo, iwe ni kiinua mgongo, mauzo ya korosho au mchango wa ndugu, na sasa wanatafuta trekta yao ya kwanza iliyokwisha kutumika. Wengi wao huingia sokoni na maswali mawili tu, yaani ina nguvu za farasi ngapi na injini yake inalia vipi, na madalali wanayajua maswali hayo vizuri kuliko wanunuzi wenyewe. Rai yangu ni kwamba mnunuzi wa aina hii aikague trekta kutoka nyuma kuja mbele, na kabla ya hapo awe ameshajua ni kazi gani hasa anayotaka ifanywe, na ni nani mjini kwake atakayeitengeneza itakapoharibika.

Nianze na hesabu ya kazi, kwa sababu ndiyo inayorukwa na wengi. Plau ya diski tatu hukata upana wa takriban sentimita 80. Trekta ikienda mwendo wa kilomita tano kwa saa, kwenye karatasi itageuza mita za mraba 4,000 kwa saa moja, na ekari ni mita za mraba 4,047. Ukiondoa muda wa kugeuza kila mwisho wa shamba na wa kuondoa mizizi inayokwama katikati ya diski, unabaki na kama robo tatu ya ekari kwa saa. Kwa hiyo mwenye ekari sita humaliza kulima kwa saa nane, na hata akitumia plau ya diski mbili, inayokata nusu ekari kwa saa, atamaliza kwa saa kumi na mbili. Msimu wa vuli ukija atarudia hivyo hivyo, na siku zote nyingine za mwaka trekta italala chini ya mwembe huku bateri ikifa na tairi zikipasuka kwa jua.

Sisemi hivyo ili kumkatisha mtu tamaa. Nasema kwamba trekta ya shamba dogo hailipwi na plau, hulipwa na kazi nyingine zinazoizunguka: kubeba maji na mavuno kwa trela, kufyeka nyasi chini ya mikorosho na miembe, na kuwalimia majirani kwa malipo. Mtu aliye na kazi hizo, au aliyekubaliana na ndugu zake kwa maandishi kuhusu nani anatoa dizeli na nani anabadilisha oili, anunue. Mwenye ekari chini ya tano asiye na mpango wowote zaidi ya kulima shamba lake, ushauri wangu, ingawa utawaudhi wauzaji, ni kwamba aendelee kukodi, na fedha zake azitie kwenye mbegu na kisima.

Udongo nao ndio utakaoamua ukubwa wa mashine. Ganda, Msabaha na Gede kuna ardhi ya mchanga inayolainika kwa mvua ya kwanza, na huko trekta ya nguvu za farasi 45 hadi 50 yenye plau ya diski mbili inatosha kabisa; tena kwenye mchanga wa namna hiyo si lazima kugeuza udongo kwa kina kila msimu, mara nyingi haro peke yake, inayovunja udongo wa juu tu, hufanya kazi. Mchanga mwekundu wa Magarini haupishani sana na huo. Ukishuka kandokando ya Mto Sabaki, Jilore na Garashi, kuna mashamba yenye udongo mzito ambao ukikauka huwa kama sakafu na ukilowa huganda kwenye diski, na huko trekta ndogo itazungusha magurudumu palepale ilipo. Anayelima udongo huo atafute mashine ya nguvu za farasi 70 hadi 80 ya silinda nne, na aangalie uzito wake pia, kwa sababu plau haivutwi na injini peke yake bali na tairi zinazoshika ardhi. Kwa mashamba yetu karibu yote, mchanga au mfinyanzi, plau iwe ya diski: mahali penye visiki vya minazi na mawe ya matumbawe chini ya udongo, diski hupanda juu ya kizuizi na kuendelea, ilhali plau ya jembe hukwama au kuvunjika.

Kosa linaloonekana mara nyingi zaidi ni kununua trekta kubwa kuliko shamba. Hunywa dizeli hata inapovuta trela tupu, hushindilia mchanga hadi maji ya mvua yasipenye, na haipiti chini ya matawi ya mkorosho bila kuvunja bomba la moshi.

Kuhusu aina, sina ushabiki, lakini ukweli wa soko letu ni kwamba Massey Ferguson ndiyo inayojulikana na mafundi wengi zaidi. MF 135 ilitoka kiwandani Coventry, Uingereza, kuanzia mwaka 1964 hadi 1975, ikiwa na injini ya dizeli ya Perkins ya silinda tatu na nguvu za farasi takriban 45. MF 240 iliyofuata baadaye ina nguvu zinazokaribia 50 na imejengwa kwa mpango uleule. Faida ya hizi mbili kwa mtu wa ekari chache si kwamba hazifi, bali ni kwamba spea zake bado zinatengenezwa Pakistan na India, na ringi au gasketi isiyopatikana Malindi huagizwa Mombasa na kuletwa kwa basi. Kwa udongo mzito kuna MF 290 na MF 375. Ford 5000 na 6600 ni mashine imara, na kama fundi wako anazifahamu, usiziache. Jina lolote lingine, hata likiwa zuri namna gani, lipime kwa njia hii: kabla hujatoa shilingi, nenda kwenye duka la spea ukaulizie sahani ya klachi, pampu ya haidroliki (mfumo unaonyanyua plau kwa nguvu ya oili) na sili za ekseli ya nyuma za trekta hiyo. Mwenye duka akianza kupiga simu Nairobi, umepata jibu lako, na umejua pia kwa nini muuzaji aliipunguza bei.

Zipo pia zinazoletwa zikiwa zimetumika Uingereza, na baadhi ni nzuri sana kwa sababu zililala ghalani na kubadilishwa oili kwa wakati. Nyingi zina kibanda cha vioo kilichokusudiwa baridi. Kibanda hicho bila kiyoyozi, Malindi, mwezi wa Machi, ni adhabu kwa dereva, na kabla ya msimu kuisha utakuta milango imeshang'olewa.

Sasa nije kwenye ukaguzi wenyewe. Sababu ya kuanzia nyuma ni hii: injini ya silinda tatu ikichoka, fundi mzuri huifungua chini ya mti, akabadilisha laina, pistoni na ringi zinazouzwa zikiwa seti moja, na trekta ikarudi shambani. Giaboksi, difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma) na haidroliki ni habari nyingine. Ili kuvifikia baadhi ya vifaa hivyo, na hata kubadilisha klachi tu, ni lazima trekta itenganishwe vipande viwili, na gia huuzwa mojamoja kwa bei ya kuumiza. Muuzaji anayejua hivyo atarekebisha injini na kupaka rangi nyekundu mpya, na nyuma ataiacha kama ilivyo.

Tangu Ferguson TE20 ya mwaka 1946, babu wa Massey Ferguson hizi, pampu ya haidroliki katika trekta za ukoo huu hukaa ndani ya mwili wa mashine, ikiogelea kwenye oili ileile inayolainisha gia na difu. Mpango huo una maana kubwa kwa mnunuzi, kwa sababu kijiti kimoja cha kupimia oili kinaeleza afya ya vitu vitatu. Oili ikiwa nyeupe kama tui, maji yameingia, mara nyingi kupitia ule mpira uliochanika chini ya mkono wa gia kwa trekta iliyolala nje masika mazima, na maji hayo yametafuna pampu na beringi pamoja. Chovya sumaku ndogo iliyofungwa kwenye uzi. Vumbi laini la chuma ni jambo la kawaida katika trekta ya umri huo, lakini vipande vinavyoonekana kwa jicho ni meno ya gia.

Kisha mwombe muuzaji afunge plau kwenye mikono ya haidroliki iliyo nyuma ya trekta, asiinyanyue mikono hiyo mitupu, kwa kuwa ikiwa mitupu hunyanyuka hata pampu ikiwa imekufa nusu. Injini ikiwa imeshapata moto na inanguruma polepole, plau inyanyuliwe. Ikipanda kwa kurukaruka, au ikisubiri injini ikanyagwe ndipo ipande, pampu au vali zimechoka. Ikishafika juu, zima injini, usimame pembeni na si chini yake, na uendelee na mazungumzo mengine. Plau iliyoshuka chini kabla hamjamaliza habari za mvua inaonyesha kwamba oili inavuja ndani ya silinda. Tatizo hilo hutengenezeka, lakini litengenezwe kwa fedha zitakazopunguzwa kwenye bei.

Angalia pia shafti ya nyuma inayozungusha mitambo, ile ambayo mafundi huiita PTO. Meno yake yasiwe yamelika, na isitoe oili mahali inapotokea. Kwa anayekusudia kufyeka nyasi, hapa pana jambo linalostahili subira. Trekta nyingi za aina hii zina klachi ya hatua mbili: ukikanyaga nusu, magurudumu husimama na shafti huendelea kuzunguka, na ukikanyaga hadi mwisho vyote husimama. Kuna nyingine zenye hatua moja tu, na hizo zikiwa na mashine ya kufyeka inayozunguka kwa nguvu, uzito wa visu huendelea kuisukuma trekta mbele hata baada ya dereva kukanyaga klachi. Mbele kukiwa na shina la mnazi au mtoto, hakuna muda wa kufikiri. Basi jaribu klachi kwa hatua zote mbili, na ikiwa hatua ya pili haipo au imekufa, ujue mapema.

Gia zijaribiwe zote, ya nyuma ikiwemo. Tafuta mteremko, ambao kwetu kwenye tambarare si rahisi kuupata lakini kingo za Sabaki zipo, uiache trekta iteremke ikiwa ndani ya gia na mguu umeondolewa kwenye mafuta. Gia inayochomoka yenyewe imelika. Breki za trekta ni mbili, ya kushoto na ya kulia, kila moja na pedali yake, na ukikuta upande mmoja haushiki na rimu ina unyevu wa oili kwa ndani, sili ya ekseli imepasuka na oili ya difu imelowesha breki. Barabarani pedali hizo mbili hufungwa pamoja kwa kitasa chake, na kitasa hicho huwa kimepotea katika trekta nyingi kuliko nilivyotarajia.

Mita ya saa usiitegemee sana, kwa sababu husimama miaka na hubadilishwa kwa dakika chache. Umri wa kazi unaandikwa mahali pengine: kwenye pedali zilizolainika hadi chuma kung'aa, kwenye ncha za mikono ya haidroliki zinazocheza, na kwenye tundu za upau wa kuvutia ambazo zilikuwa duara na sasa zina umbo la yai.

Hapo ndipo ufike kwenye injini, na uiguse kwa mkono kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, muuzaji ameipasha kabla hujafika. Mwambie utarudi kesho asubuhi na usimwambie saa. Dizeli iliyo hai huwaka baridi bila kunyunyiziwa kitu. Moshi wa buluu unaoendelea ni oili inayoungua, mweupe unaodumu ni dizeli isiyoungua au maji yaliyoingia, na mweusi mzito ni noseli au chujio la hewa lililoziba, ambalo ni jambo dogo. Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma, na kama kinapumua kwa nguvu, ringi zimekwisha. Kwenye rejeta tazama kama kuna mafuta yanayoelea juu ya maji, kisha tazama mapezi yake kwa nje, kwani mbegu za nyasi huyaziba na kwa joto la pwani injini hupanda moto haraka.

Mbele hakuna mengi: tingisha gurudumu la usukani na magurudumu yenyewe, usikilize bushi na kingi pini, yaani viungo vinavyogeuza magurudumu hayo.

Lipo jambo la pwani ambalo mnunuzi wa bara hahitaji kuliwaza, nalo ni chumvi. Uliza trekta ilikotoka. Iliyowahi kuvuta trela kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni au Marereni inaweza kuwa na injini nzuri na bado ikawa imeoza, na rangi mpya huficha hayo vizuri. Lala chini ya madigadi ukwaruze kwa bisibisi, kagua rimu pale inapokutana na tairi, na nyaya za umeme karibu na stata. Rimu za nyuma zilizojazwa maji ya kuongeza uzito huoza kutoka ndani, hasa kama maji hayo yalitiwa chumvi au yalichotwa kwenye kisima kilicho karibu na bahari. Tairi mbili za nyuma zikiwa zimekwisha, bei yake ijadiliwe hapohapo, maana kwa trekta kuukuu zinaweza kuwa gharama kubwa ya kwanza baada ya kununua.

Naomba niongeze jambo kuhusu uhai wa dereva. Trekta nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilifika huku bila fremu ya kumlinda dereva inapopinduka. Sweden ililazimisha fremu hiyo kwenye trekta mpya tangu mwaka 1959, na vifo vya kupinduka vilipungua sana. Hapa kwetu hatari kubwa ni kung'oa visiki vya minazi: mtu akifunga mnyororo juu, kwenye ekseli au kwenye kiungo cha juu cha haidroliki, magurudumu ya nyuma yakishika na kisiki kikikataa, pua ya trekta hunyanyuka na mashine humwangukia aliyeiendesha kabla hajafikia klachi. Mnyororo ufungwe kwenye upau wa chini tu. Fremu iliyochomelewa mtaani kwa mabomba ya maji haifai, maana huonekana kama kinga na hujikunja siku ya haja. Kati ya trekta mbili zinazolingana, yenye fremu ya kiwandani inayokunjwa na mkanda wa kiti ndiyo ya kuchukuliwa hata ikizidi bei, na kwa kuwa inakunjwa, itapita chini ya mikorosho.

Karatasi zisiachwe hadi mwisho. Nambari za injini na za chasisi zilingane na zilizo kwenye logibuku, umiliki ukaguliwe kwenye rekodi za NTSA, mamlaka inayosajili magari, na uhamisho ufanywe kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kabla fedha zote hazijatoka mkononi. Maneno ya "logibuku iko kwa shemeji Mombasa" yametosha. Kumbuka pia kwamba mara trekta inapoingia barabara kuu ya Malindi ikiwa na trela ya mahindi ya watu, bima ya mtu wa tatu ni takwa la sheria.

Lililobaki ni fedha na wakati. Bei ya trekta isimalize mfuko. Siku ya kwanza badilisha oili zote, ya injini na ya nyuma, pamoja na machujio, mkanda wa feni na mipira ya maji, hata kama muuzaji ameapa kwamba alifanya hivyo juzi, kisha weka akiba ya tairi na klachi. Na usinunue Machi, wakati kila mtu anasubiri masika na kila trekta inayotembea ina bei ya juu. Kulima kwa masika huisha, kusi huvuma, na kuanzia Julai hadi Septemba wenye trekta zisizo na kazi huhitaji karo na fedha za matumizi. Anayenunua wakati huo hupata nafasi ya kujadiliana, na hupata pia wiki kadhaa za kumwita fundi afungue kinachohitaji kufunguliwa kabla ya mvua za vuli za Oktoba.

Wako,
Mkulima wa Jilore,
Malindi, Kaunti ya Kilifi